Kondoo Aliyepelekwa Olmotonyi

Singida,
Jumapili, 3 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mfikishie Bibi, umwambie ile kofia ya uzi aliyonifumia naivaa kila asubuhi, maana upepo wa huku hauna adabu. Mimi sijambo. Kifua hakijanisumbua tangu tufungue shule.

Sisi wa kidato cha nne tumepewa bweni letu wenyewe, na matroni sasa anatuita waheshimiwa. Tukichelewa kuamka anasimama dirishani na kusema, "Waheshimiwa, chai ya kitandani inakuja!" Hapo hata mgonjwa anaamka.

Nyumbani mvua zimeanza? Kahawa imeshika matunda? Na Princess wangu je? Nilipoondoka ulisema tumbo lake linaonyesha ana mimba. Akizaa, tafadhali mtoto wake msimpe jina, mnisubiri mimi. Nimewaambia wenzangu kwamba nina kondoo anayetembea kichwa juu kama bibi harusi, na kwamba yeye na watoto wake ndio watakaonipeleka kidato cha tano. Wamecheka, lakini ni wewe uliyesema hivyo, nami naamini.

Jambo lililonifanya niandike ni hili: barua yako ya Februari haikufika. Nimekwenda kwa matroni mara tatu, na mara ya tatu alinionyesha droo tupu ili nisirudi tena. Najua kwamba huko Olmotonyi, kiwandani kwa Bosi Oscar, huu ndio wakati wa kuharakisha magogo kabla barabara ya msituni haijaharibika. Hata hivyo niandikie mistari miwili. Nikiona mwandiko wako ulioinama kama migomba baada ya upepo, wiki yangu inakwenda vizuri.

Ni mimi mwanao,
Ndeshi


Nkoaranga,
Jumamosi, 30 Machi 2024

Mwanangu Ndeshi,

Marahaba. Bibi naye ameitikia, na amefurahi kuhusu kofia. Anasema akipata uzi mwingine atafuma ya matroni, apunguze makelele.

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni shangazi yako Aika, amepanda kutoka Elerai kula Pasaka nasi. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono wangu umeteguka kidogo.

(Amesema "kidogo" mara tatu. Mimi nimeandika mara moja. Aika.)

Mvua zimeanza vizuri. Kile kijia cha kuteremkia mtoni kimekatika tena, tunazungukia kwa mchungaji. Ng'ombe amepungua maziwa lakini hajambo. Kahawa imeshika matunda upande wa juu tu. Kwaya imenunua kinanda kipya, na jirani yetu Gerson ndiye anayekipiga, kwa hiyo nyimbo zote sasa zina mwendo wa kwenda vitani.

Kazini nimepumzika kwa siku chache. Nimesikia wa kidato cha nne mnaweka kambi ya masomo wakati wa likizo ya Juni. Baki huko huko usome. Usihangaike kuja nyumbani.

Soma kwa bidii, mama yangu. Mungu akulinde.

Baba yako,
Elihuruma


Singida,
Jumapili, 21 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua, na namshukuru Shangazi. Mwandiko wake ni mzuri sana, lakini si wako.

Huku tumemaliza mitihani ya katikati ya muhula. Kemia nimepata alama mbaya, Uraia nzuri, Kiswahili nzuri zaidi. Kambi ya Juni nitabaki kama ulivyosema. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu siku za kuja nyumbani, sasa nimeacha.

Baba, barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi tu. Mara ya pili niliona kwamba umenijibu habari za mvua, za kahawa, za kofia, na hata za kinanda ambazo sikuuliza. Princess hukumtaja. Mara ya tatu nilijiuliza ni mkono upi ulioteguka, na umeteguka vipi hata mwezi mzima usishike kalamu. Mtoto wa mwalimu wetu wa zamani alipoteguka mkono alirudi kucheza mpira baada ya wiki mbili. Mara ya nne niliona kwamba hujawahi kupumzika kazini "siku chache" tangu Mama alipofariki.

Sikuulizi ili nikukwaze. Unaweza kuniambia, nitasoma nikiwa nimekaa.

Mwanao,
Ndeshi


Nkoaranga,
Jumamosi, 8 Juni 2024

Mwanangu Ndeshi,

Marahaba sana. Sisi hatujambo. Bibi magoti yanamuuma kwa sababu ya baridi, lakini juzi alitembea mpaka kanisani akarudi, akakataa kushikwa mkono.

Alama za Kemia zisikukatishe tamaa. Mkono unaendelea vizuri. Ndizi za upande wa chini zimeiva kwa wingi, tumegawia hata majirani. Kahawa tutachuma mwezi ujao. Hakuna jipya.

Baba yako,
Elihuruma

Ndeshi, sasa ni mimi Shangazi. Baba yako amesema "funga bahasha" na ametoka kukatia ng'ombe majani. Namwona kutoka hapa barazani. Ameshika mundu kwa mkono wa kushoto, na majani anayabana kwa kiwiko cha kulia. Fundo moja la majani linamchukua asubuhi nzima, na hataki mtu amsaidie.

Mkono haukuteguka. Tarehe ishirini Februari, pale kiwandani, msumeno ulimkata. Vidole vinne vya mkono wa kulia havipo, na kiganja kimebaki nusu. Kidole gumba kipo. Alilazwa hapa hospitali ya Nkoaranga wiki mbili. Bosi Oscar alimleta kwa pikapu yake, na siku ya tatu alikuja na sukari na machungwa. Tangu hapo hajakanyaga hapa, na baba yako hataki jina lake litajwe. Nikimwuliza, "Eli, sasa utafanyaje?" ananijibu, "Dada, shona nguo zako."

Alinikataza kukuambia. Usimwambie nimekuambia. Au mwambie tu. Mimi nilimbeba mgongoni huyu, atanifanya nini?

Shangazi Aika


Singida,
Jumapili, 16 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Shangazi ameniambia. Usimgombeze, ningejua tu.

Bahasha niliifungua kwenye foleni ya uji. Nilisoma mpaka mwisho, nikampa mwenzangu kikombe changu, nikaenda nyuma ya bweni. Sikulia kwa sauti. Nilikuwa naukumbuka mkono wako. Nilikumbuka ulivyonichongea penseli kwa kisu nikiwa darasa la kwanza, na vidole vyako vilivyonuka mbao za paina hata Jumapili, hata baada ya kunawa. Halafu nikakumbuka kwamba tarehe ishirini Februari tulikuwa na michezo, nikakimbia mbio za kupokezana, nikacheka siku nzima. Sikuhisi chochote, Baba. Hilo linaniumiza.

Mwalimu wetu wa Uraia, Mwalimu Salha, aliniona. Nilimweleza, naomba unisamehe kama nimekosea kutoa habari za nyumbani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Baba yako ameshadai fidia?" Nikasema sijui. Akaniketisha akanieleza, nami nimeandika kwenye daftari ili nisikosee.

Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ni wa serikali. Mwajiri ndiye anayeuchangia, mfanyakazi hakatwi kitu katika mshahara wake. Mtu akiumia kazini anatibiwa, na akipata ulemavu analipwa kulingana na ulemavu wenyewe. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali, na daktari anaandika ripoti yake. Mwalimu amesisitiza kwamba dai lisichelewe kupita miezi kumi na miwili tangu siku ya ajali. Nimehesabu: ni mpaka Februari ijayo.

Je, Bosi Oscar alitoa taarifa? Je, kuna karatasi yoyote uliyopewa hospitali? Itunze, Baba, hata kama imechakaa.

Mwanao,
Ndeshi


Singida,
Jumapili, 28 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Julai haijamzidi Bibi, na kahawa mmeshaichuma.

Wiki sita sasa sijapata jibu. Matroni ameacha kunionyesha droo. Siku hizi akiniona mlangoni anatikisa kichwa tu, tena kwa huruma, na hiyo ni mbaya zaidi.

Kama nimekuudhi kwa kuandika mambo ya sheria kama mtu mzima, niambie nitakoma. Lakini Mwalimu Salha ameniuliza tena jana kama umeshadai. Alisema wafanyakazi wengi hudhani kudai ni kumshitaki bosi. Si hivyo. Humpeleki mtu mahakamani. Ni haki yako iliyowekwa mahali inakusubiri.

Nimebakiwa na swali moja dogo. Princess alizaa?

Ndeshi


Nkoaranga,
Jumamosi, 17 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Bibi hajambo. Kahawa tumechuma, Hans wa kiwandani alikuja siku mbili kutusaidia bila kuitwa.

Shangazi yako ndiye anayeandika, na leo nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

(Sawa. Aika.)

Hujaniudhi. Nilikosa namna ya kukujibu, kwa sababu kila jibu linapitia kwa kondoo wako.

Nitakuambia siku ile ilivyokuwa. Msumeno wetu una kinga ya chuma juu yake. Magogo mabichi yakija, unga wa mbao unashikamana kwenye kinga, mashine inakwama, na kila ikikwama unasimamisha, unasafisha, unaanza upya. Siku ile lori lilikuwa linasubiri mzigo. Bosi alikuwa mlangoni, akasema, "Elihuruma, lori halilali hapa." Hakusema niondoe kinga. Mimi ndiye niliyeshika spana nikaifungua. Miaka kumi na moja niliwakataza vijana wasifanye hivyo, halafu nikafanya mimi. Gogo la nne liliruka.

Nilipotoka hospitali, baba yako mkubwa wa ukoo alikuja akaketi hapa. Akasema damu imemwagika kwenye eneo la mtu, na aliyemwaga ni mimi kwa mkono wangu mwenyewe. Zamani mtu wa namna hiyo alitoa kondoo jike ili pale paoshwe, wengine wasije wakaumia. Nikafikiria Hans na wenzake wanaosimama kwenye mashine ile ile. Mimi ni mkristo, Ndeshi, lakini sikulala vizuri. Kondoo tuliyekuwa naye ni mmoja.

Nilimpeleka Olmotonyi kwa kamba, mkono ukiwa bado na bendeji. Nilisimama mbele ya Bosi na wafanyakazi wote nikasema, "Kosa ni langu, pokea." Bosi akasema yeye ni mtu wa kanisa, mambo ya kuosha damu hayajui, lakini kondoo ni mzuri, haifai kumchinja. Akamwingiza zizini kwake.

Sasa nitarudije kwa mtu yule yule kudai? Nilikubali kosa mbele ya mashahidi, tena kwa kondoo. Mtu halipwi kwa kosa lake.

Mwanakondoo sijui kama alizaliwa. Nisamehe. Nilikuahidi kidato cha tano kwa mgongo wake, kisha nikamtoa bila kukuuliza.

Baba yako,
Elihuruma


Singida,
Jumapili, 1 Septemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata Jumanne. Nimechelewa kujibu kwa makusudi, ili nikuandikie nikiwa nimetulia.

Nitakuambia kweli, kama wewe ulivyoniambia. Jumanne nilimlilia Princess. Jumatano niliona aibu kwa kumlilia kondoo na kumsahau mtu aliyemkokota kwa mkono mmoja kutoka Nkoaranga mpaka Olmotonyi. Nimeukadiria mwendo huo kichwani. Najua mahali ulipopumzika, na najua Princess alikataa kuvuka daraja, kwa sababu hukataa siku zote. Nani alimsukuma? Hilo linanisumbua kuliko yote.

Nimekusamehe. Hata hivyo sina hakika kama ni mimi niliyepaswa kuombwa msamaha.

Alhamisi nilimpelekea Mwalimu Salha swali lako, nikaliandika vizuri kama la mtihani: "Mfanyakazi aliyefungua kinga kwa mkono wake na akakubali kosa mbele ya watu, je, amepoteza haki yake?" Alivua miwani akasema, "Alikuwa anafanya kazi ya nani alipoifungua?" Nikasema ya Bosi. "Mbao zilikuwa za nani?" Za Bosi. "Lori?" La mteja wa Bosi. Akasema fidia hii haikuwekwa kwa ajili ya wasio na kosa peke yao. Mtu hahitaji kuthibitisha kwamba bosi amekosa. Mtu aliyechoka, au aliyeharakishwa, naye ni mfanyakazi. Watachunguza, ndiyo, na huenda wakauliza habari za kinga, na wewe uwaambie kweli. Lakini mlango haujafungwa na kondoo.

Baba, ulimpeleka Princess ili Hans na wengine wasiumie. Nafikiri mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa mkosaji tu.

Mahafali yetu ni Jumamosi tarehe tano Oktoba. Kila mhitimu ana viti viwili. Kimoja ni chako, kimoja ni cha Shangazi.

Mwanao,
Ndeshi


Singida,
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo, na shikamoo kwa Bibi.

Mahafali yalikwenda salama. Shangazi amekusimulia, najua, lakini atakuwa ameacha aliyoyafanya yeye. Alipiga vigelegele hata jina la mtu mwingine liliposomwa. Gauni aliloshona lilinitosha. Mpiga picha alipotupanga, alitaka kukiondoa kile kiti chako kitupu. Shangazi akamwambia, "Kiache hapo, bwana, mwenyewe amechelewa tu." Kwa hiyo kwenye picha tuko watatu: mimi, Shangazi na kiti.

Shangazi aliniambia jambo. Alisema umekwenda Olmotonyi mara mbili mwezi uliopita, ukafika getini kwa Bosi, ukageuka. Nilijisikia vibaya kwa sababu nilikuwa nimekaa huku nikikuandikia "nenda" kana kwamba geti ni kitu chepesi.

Kwa hiyo sitaandika tena habari ya fidia. Nilitaka ujue tu kwamba ukienda au usipokwenda, nitarudi nyumbani mwisho wa Novemba, na majani ya ng'ombe tutakata wote. Mtihani wa taifa tunaanza tarehe kumi na moja. Niombee Kemia.

Ndeshi


Nkoaranga
Jumamosi 9 Novemba 2024

Ndeshi mwanangu

Marahaba. Naandika mwenyewe. Ni mkono wa kushoto. Nilianza Jumatatu. Kila siku mistari michache. Bibi anasema migomba yangu sasa imelalia upande mwingine.

Kwa Bosi sikuingia. Geti lilinishinda. Alhamisi ile nyingine nilishuka mjini na Aika mpaka ofisi ya Mfuko. Nilichukua karatasi za hospitali. Zimechakaa lakini zinasomeka.

Alitupokea dada mmoja kijana. Anaitwa Fransiska. Alinipa kiti. Aliuliza tarehe. Aliuliza ninafanya kazi wapi. Aliuliza imetokeaje. Nikamwambia yote. Kinga. Spana. Lori. Nikamwambia na kondoo. Aika alinikanyaga mguu lakini nilikuwa nimeshasema.

Akampigia Bosi simu mbele yetu. Nikamsikia Bosi. Alisema mbona Elihuruma mwenyewe aliniletea kondoo akasema kosa lake. Yule dada akasema, Mzee, mimi nina fomu ya ajali. Sehemu ya kuandika kondoo haipo.

Mwisho Bosi akasema atajaza sehemu yake. Bado hajaijaza. Hans anamkumbusha kila asubuhi. Hata kinga imerudishwa. Hans aliifunga mwenyewe.

Hawajaniahidi kitu. Daktari atapima mkono kwanza. Tarehe niliyopewa ni ya Desemba. Utanisindikiza.

Princess alizaa. Hans alinionyesha kupitia uzio. Ni jike. Ameshakuwa mkubwa. Hana jina.

Darajani nilimsukuma kwa bega.

Fanya mtihani vizuri. Usiharakishe swali lolote hata wakisema muda umekwisha.

Siku ya kurudi nitakuwa stendi. Nitavaa shati la mikono mirefu lakini nimeamua sitaficha. Ila nakuomba kitu. Ukishuka kwenye basi nitazame uso kwanza.

Baba yako
Elihuruma